Mheshimiwa, Rozari Weka Mfukoni

Jumapili baada ya Misa, anko wangu alinikalisha kwa kibanda cha chai hapa Kanja. Mvua inanyesha, mbele yetu chapati madondo, na yeye ndiye alikuwa analipa, kwa hivyo ilibidi nisikilize.

"2027 tunataka Mkatoliki," akasema. "Na si Mkatoliki wa jina. Tunataka yule ambaye maaskofu wakisema kitu, anafanya."

"Kama Kibaki?"

"Eeeh! Kama Kibaki."

"Anko, lakini Kibaki maaskofu walimwambia Hapana na yeye akasema Ndiyo."

Akanyamaza. Akakata chapati. Halafu akaniambia nimeharibiwa na simu.

Sasa wasee, nimekuja hapa kumaliza hiyo stori, juu pale kibandani sikupewa nafasi. Na kabla mtu aanze kuniombea: mimi ni Mkatoliki. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, nimeimba kwaya. Hii si vita na Kanisa. Hii ni vita na wanasiasa wanaojificha nyuma ya Kanisa, na na sisi tunaowapa pazia.

Turudi 2010. Wengi wenu mlikuwa nasari au hamjazaliwa. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, na ninachokumbuka ni rangi tu. Kijani ni Ndiyo, nyekundu ni Hapana. Kenya ilikuwa inapigia kura katiba mpya, na rais aliyebeba kijani alikuwa Mwai Kibaki, Mkatoliki aliyebatizwa na wamisionari Waitaliano wakampa jina Emilio, akasomea Mang'u, shule ya mapadre. Huyu hakuwa Mkatoliki wa kukodi wakati wa kampeni.

Upande wa pili walikuwa maaskofu wake. Na aliyewaongoza hakuwa mgeni kwetu. Alikuwa Kardinali John Njue, mtoto wa Kiriari, hapa hapa Embu, askofu wa kwanza kabisa wa Dayosisi ya Embu tangu 1986. Yaani kwa watu wa huku, hiyo kura ilikuwa kama kuambiwa uchague kati ya baba na mjomba. Rais ni wa Mlima, Mkatoliki. Kardinali ni wa Mlima, Mkatoliki. Mmoja anasema kijani, mwingine anasema nyekundu.

Shida ya maaskofu ilikuwa nini? Mambo mawili makubwa. La kwanza, Kifungu cha 26 kuhusu uhai. La pili, mahakama za Kadhi.

Na hapa naomba tusome pole pole, juu miaka kumi na tano baadaye bado kuna watu wanabishana na katiba ambayo hawajawahi kufungua.

Kifungu cha 26 kinasema uhai unaanza mimba inapotungwa. Hayo ni maneno ambayo Kanisa lenyewe lilitaka. Halafu kinasema utoaji mimba hauruhusiwi, isipokuwa mtaalamu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa iruhusu. Maaskofu waliona hiyo "isipokuwa" ni mlango uliowachwa wazi. Hilo ni wazo la mtu anayefikiri, silicheki.

Kuhusu Kadhi, katiba inasema mahakama hizo zinashughulikia ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu binafsi, na ni pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Kwa hivyo Mkatoliki wa Kanja hawezi kuburutwa kwa Kadhi hata kwa kamba. Na hizo mahakama hazikuletwa 2010. Zilikuwa kwa katiba ya uhuru ya 1963, kutokana na makubaliano yaliyofanya ukanda wa Pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar ubaki Kenya. Ilikuwa ahadi. Nchi haiwezi kuvunja ahadi kwa sababu aliyeahidiwa anaswali badala ya kusali.

Kibaki alifanya nini? Hakutukana maaskofu. Hakuanzisha kanisa lake. Hakusema imani yake imebadilika. Alizunguka nchi akiomba kura za Ndiyo pamoja na Raila, na tarehe 4 Agosti 2010 zaidi ya Wakenya milioni 6 wakasema Ndiyo, wengine kama milioni 2.8 wakasema Hapana. Tarehe 27 Agosti akaitia sahihi Uhuru Park. Alipofariki Aprili 2022, Kanisa lile lile likamuombea na kumzika Kikatoliki huko Othaya. Mbingu haikuanguka. Kanisa halikuanguka pia.

Sasa narudi kwa anko, kwa sababu anko si mjinga, na hoja yake inastahili jibu.

Anko anasema: imani si koti la kuvua mlangoni mwa Bunge. Kama unaamini jambo ni dhambi, utalitungiaje sheria? Huo si unafiki?

Hapo ana pointi, na wale wanaosema "dini ni mambo ya nyumbani, maliza" wanamjibu vibaya. Imani ya mtu huja naye kazini. Mwalimu Mkatoliki haachi dhamiri yake getini. Daktari pia. Mbunge ana haki ya kuamini uhai ni mtakatifu na kupiga kura akiamini hivyo.

Lakini sikiza tofauti. Akisimama Bungeni, lazima alete sababu ambayo Mwislamu wa Garissa anaweza kuipima, Mhindu wa Parklands anaweza kuipima, Msabato anaweza kuipima, na yule msee asiyeamini chochote pia. Anaweza kusema: tazameni wodi za uzazi, tazameni wasichana wanaofia vichochoroni, tazameni mtoto asiye na mtu wa kumtetea. Hizo ni hoja, zibishaniwe. Ila "askofu amesema" si hoja Bungeni. Kwangu mimi kanisani ina uzito. Kwa jirani yangu ambaye si Mkatoliki, hiyo ni amri ya mtu ambaye hakumpigia kura.

Na kama bado unaona ni sawa serikali ifuate Kanisa, nijibu swali moja tu. Kanisa gani?

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47. Wakatoliki walikuwa kama milioni 9.7. Yaani mtu mmoja kati ya watano. Anko, sisi ni wachache! Siku ukisema dini ya mwenye kiti iongoze nchi, umesaini mkataba ambao wewe ndiye utaumia kwanza. Zamu ikifika kwa wainjilisti, utaambiwa rozari ni sanamu na Bikira Maria hana nafasi kwa kitabu cha shule. Utapeleka wapi kesi?

Utaipeleka mahakamani, ukishika Kifungu cha 8, kinachosema hakutakuwa na dini ya taifa, na Kifungu cha 32, kinachokupa uhuru wa kuabudu. Vyote viwili viko ndani ya katiba ile uliyoambiwa uikatae.

Si stori ya kutisha watoto. Julai 2025 nchi nzima ilikuwa inabishana kuhusu kanisa linalojengwa ndani ya Ikulu. Rais akasema analijenga kwa hela yake na haombi mtu msamaha. Sitaki hata tuingie kwa hela. Swali langu ni la ardhi na lango. Ikulu ni nyumba ya Wakenya wote, pamoja na yule mzee wa Lamu na yule mama wa Kanja mwenye rozari. Kanisa likishasimama pale, nani atahubiri? Kwa madhehebu gani? Misa itasomwa? Msikiti utajengwa wapi? Ukiona maswali yanaongezeka badala ya kuisha, jua kuna mstari umevukwa.

Na hapa ndipo historia inachekesha, lakini kicheko cha maumivu. Mwaka 2010, mwanasiasa mkubwa zaidi aliyesimama na makanisa upande wa Hapana alikuwa nani? William Ruto, waziri wa elimu ya juu wakati huo. Walikuwa timu moja, nyekundu. Songa mbele miaka kumi na nne. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki wanatoa taarifa kali kuhusu uongo serikalini, ushuru na watu kutekwa nyara. Siku chache baadaye, Rais anaenda kanisa la Soweto, Nairobi, anatoa na kuahidi jumla ya milioni 5 za kujenga nyumba ya padre. Na Askofu Mkuu Philip Anyolo anasema: hiyo hela irudishwe.

Fikiria hiyo picha. Yule aliyeonekana mtetezi wa Kanisa 2010 ndiye Kanisa linamrudishia bahasha 2024. Na maaskofu walipata wapi nguvu ya kuongea hivyo bila kuogopa? Uhuru wa kujieleza, Kifungu cha 33. Uhuru wa kuabudu bila serikali kukushika kola. Katiba ya kijani, ile ya Mkatoliki aliyewakatalia, ndiyo inawapa kifua leo. Kibaki aliwalinda maaskofu kwa kutowatii. Rudia hiyo sentensi polepole halafu umtumie anko wako.

Sasa kuna wengine mko upande wa pili kabisa, mnashangilia. "Eeh, Kanisa linyamaze, siasa si kazi yake." Tulieni. Sijasema hivyo.

Kutenganisha Kanisa na serikali hakumaanishi Kanisa lifunge mdomo. Miaka ya themanini, wakati watu walipangwa mlolongo kupiga kura na aliyeshinda kwa foleni akatangazwa ameshindwa, sauti zilizobaki zilikuwa za maaskofu. Huku kwetu alikuwa David Gitari wa Kianglikana, askofu wa Mlima Kenya Mashariki, dayosisi iliyobeba Embu, Kirinyaga, Meru mpaka kaskazini. Mwaka 1989 watu walivamia nyumba yake usiku kwa sababu ya mahubiri yake. Huyo hakuwa anaomba dini yake itawale. Alikuwa anasema wizi ni wizi.

Kwa hivyo askofu aongee. Apinge muswada, aandike barua, aambie waumini wake wapige Hapana. Kardinali Njue alikuwa na haki hiyo 2010 na ningemtetea mpaka kesho. Alikuwa na sauti kama raia yeyote, na alishindwa kwa kura kama raia yeyote. Hivyo ndivyo inafaa kuwa. Askofu ana mimbari, rais ana kalamu. Mimbari inaweza kumsumbua mwenye kalamu usiku asilale. Lakini haiwezi kumshika mkono akiandika.

Na kumbe hata Kanisa lenyewe linafundisha hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1965, ulisema wazi kwamba Kanisa na jumuiya ya siasa kila mmoja ana uwanja wake na anajitegemea humo. Sheria za Kanisa zinakataza mapadre kushika vyeo vya serikali. Kwa hivyo anayesema serikali itii askofu anataka Ukatoliki ambao hata Wakatoliki waliuacha zamani.

Angalia jirani zetu. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa Misa karibu kila siku. Na ni serikali yake iliyochukua shule za misheni, kupitia sheria ya elimu ya 1969, ili mtoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakae dawati moja. Unaweza kupinga sera zake, wengi wanazipinga. Lakini Kanisa halikumuona msaliti. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Mwanasiasa aliyechukua shule za Kanisa ndiye yuko kwa foleni ya utakatifu. Marekani nako, Kennedy ilibidi asimame mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti huko Houston, Septemba 1960, awahakikishie kwamba akishinda hataongozwa na amri za Kanisa lake. Aliposhinda, hakuongozwa nazo.

Hao ndio Wakatoliki wa siasa. Sasa linganisha na wetu wa huku mtaani.

Kuna mheshimiwa mmoja. Simtaji, na usiulize. Alikuja kanisani kwetu siku ya harambee ya mabati. Kwaya tuliimba, mimi nikiwa sauti ya pili. Akapewa maikrofoni, akaonyesha rozari, akasema yeye ni mtoto wa Mama Kanisa, akaweka laki mbili mezani. Tukapiga makofi mpaka mikono ikawaka.

Muhula huo huo nilikuwa nimejaza fomu ya basari, na chifu amepiga muhuri. Baba paroko mwenyewe aliandika barua. Ofisi ikaniambia hela zimeisha, nirudi mwaka ujao. Mwaka ujao nilikuwa nimeshatoka chuo, naokota majani chai na mathe asubuhi na kurekodi video jioni.

Hela ya mabati ilitoka wapi? Hakuna aliyeuliza. Ungeuliza aje, mtu amesimama chini ya msalaba? Na hiyo ndiyo maana ya pazia. Mtu akikupa hesabu yake ofisini, unamuuliza risiti. Akikupa kanisani, unamwambia amina. Mabati hayavuji, nakiri. Lakini kila mvua ikinyesha nikiwa Misani, nasikia ada yangu ikigonga paa.

Ndio maana Juni 2024, vijana walipoingia makanisani kukataa wanasiasa wapewe maikrofoni, wazee walisema tumekosa heshima. Hapana. Tulikuwa tunarudisha heshima. Altari si jukwaa.

Kwa hivyo 2027, mgombea akija na rozari, usimchukie. Mwambie "Tumsifu Yesu Kristo," akujibu, mambo ya imani yameisha. Halafu muulize matatu.

Moja: sheria unayotaka, utamweleza vipi mtu asiye wa dini yako?

Mbili: hela unayoweka kwa sahani ya kanisa imetoka wapi, na basari ya wadi yetu imeenda wapi? Leta orodha.

Tatu: maaskofu wakikukosoa, utawasikiza, au utawaletea bahasha?

Akishindwa na hayo, hata kama anajua litania yote kwa Kilatini, mpe baraka na umpe njia.

Namalizia na cucu. Cucu ni mama wa CWA, hajawahi kukosa jumuiya, na Kardinali Njue kwake ni kama mtoto aliyemlea. Kwa miaka nilidhani alipiga Hapana. Juzi nikamuuliza. Akasema kura ni siri. Nikamsumbua. Akacheka, akanionyesha ile sehemu ya chai upande wa mto, ile ambayo mathe wangu alipewa aliporudi nyumbani ndoa ilipomshinda.

Katiba ya zamani ilipiga marufuku ubaguzi, halafu ikaweka mlango wa nyuma: kwa mambo ya ndoa na urithi, mila iliruhusiwa kubagua. Mlango huo ndio uliowafanya maanko waseme binti aliyeolewa hana shamba kwa babake. Katiba ya 2010 ikaufunga huo mlango wa mila. Maaskofu hawakuwa wanapinga hilo, tuwe wakweli. Lakini katiba ilikuja kitabu kimoja, na ukikataa ukurasa mmoja ulikuwa umekataa zote.

"Niliomba rozari nzima usiku," cucu akaniambia. "Asubuhi nikaenda nikapiga kura. Mungu hakuniuliza. Mama yako angeniuliza."

Hiyo chai ndiyo inanunua bando ninazotumia kuposti hapa. Na anko, yule wa chapati, ni mmoja wa wale waliosema binti hana shamba.

Nikimuona Jumapili nitamlipia chai mimi.